Kivuko Kikiondoka, Mgeni Atasimama kwa Lipi?

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa mwaka wa wana-Pangani waishio nje ya Pangani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu wana-Pangani mliofika na mliotuma salamu:

  

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena mwaka huu. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho, Mungu awarehemu. Watoto waliozaliwa, karibuni duniani, na karibuni chamani. Ada mtaanza kulipa mkishaota meno.

Mkutano uliopita mlituagiza jambo. Mlisema kila mwaka tunachangia madawati, tunachangia zahanati, na ni vizuri, lakini mtu akituuliza ofisini au kazini, "Huko kwenu Pangani kuna nini?", wengi tunajibu, "Kuna bahari na mto," kisha tunanyamaza. Mkasema kamati iandae maneno ya kumtosha kila mmoja wetu kumweleza mgeni habari za mji na vya kuonwa. Haya ndiyo maneno yenyewe. Tumeyapiga chapa katika kijitabu hiki ili mtu asiseme hakusikia.

Tuanze na kivuko. Tangu tunapata akili, anayetoka Tanga kwenda Mkwaja, au anayetoka Saadani kuja Tanga, lazima asimame Pangani asubiri pantoni. Akisubiri anakunywa dafu, anakula samaki wa kukaanga, ananunua kashata za mtoto, anaulizia choo, anaulizia msikiti. Mama lishe wa kivukoni wamesomesha watoto kwa kusubiri huko. Baadhi yetu humu ukumbini tulipata wachumba kwenye foleni ile ile, na wahusika wanajijua.

Sasa barabara ya lami ya kutoka Tanga, kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, inajengwa, na pamoja nayo daraja la mita 525 juu ya mto wetu. Tumeliomba daraja hilo miaka na miaka. Mjamzito wa Bweni hatangojea tena pantoni usiku, na mkulima wa Mwera hataozewa mzigo ng'ambo. Hakuna mwana-Pangani anayelipinga. Lakini tuambizane ukweli: siku daraja litakapofunguliwa, hakuna atakayelazimika kusimama Pangani. Gari litakata mwendo, abiria ataona mto dirishani kwa dakika moja, na atakuwa ameshapita. Atakayesimama atakuwa amesimama kwa kutaka. Je, tutampa sababu gani ya kutaka?

Sababu tunazo, tena nyingi kuliko miji mingi mikubwa. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatuzijui vizuri, na nyingine tunaziacha zibomoke.

MTO ULIOTUZAA

Pangani ipo kwa sababu ya mto. Maji yanayopita mbele ya soko letu yametoka Kilimanjaro na Meru. Yanakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka bonde lote kwa Wapare na Wazigua, yanazalisha umeme Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, ndipo yanafika kwetu kuingia baharini. Ni safari ya kiasi cha kilomita 500. Mgeni akisimama ukingoni, mwambieni kwamba anayatazama maji ya mlima mrefu kuliko yote Afrika.

Njia ya maji ikawa njia ya watu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Pangani kufuata bonde hadi Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikipeleka nguo, shanga na nyaya za shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Wapagazi, wafuasi wa matajiri, mafundi wa majahazi na wakopeshaji wa Kihindi walikutana katika mitaa hii tunayoijua. Mwanzoni mwa mwaka 1857, Waingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa wakienda Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, kabla hawajaanza safari yao ya maziwa makuu. Kwa hiyo mgeni anayekuja leo na begi lake mgongoni si wa kwanza. Mji wetu umezoea wageni.

MASHAMBA YA MIWA

Hapa inabidi tuseme pole pole, maana ni habari inayotuhusu sote.

Kando ya mto, juu kidogo ya mji, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Sukari na asali ya miwa vilisafirishwa kwa majahazi. Walioikata miwa ile na kuisaga walikuwa watumwa. Wengine waliokamatwa bara walipitishwa Pangani kupelekwa Unguja na Pemba. Wapo watumwa ambao hawakukubali: katika miaka ya 1870 waliasi mashambani, wakakimbilia nyuma ya pwani na kujenga makazi yao wenyewe yenye ulinzi, na matajiri hawakuweza kuwarudisha.

Kuna habari tuliyoisikia sote tangu utotoni, kwamba chini ya nguzo za jumba la Boma walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Ni masimulizi ya wazee, nasi tuyaeleze kama masimulizi ya wazee. Lakini hata mtu asipoyaamini, ajiulize kwa nini watu wa mji huu wameyashika mpaka leo. Mji hauhifadhi hadithi ya namna hiyo kama haukuona maumivu.

Ndugu zetu, humu ukumbini wamo waliotokana na wenye mashamba, wamo waliotokana na waliolimishwa mashamba hayo, na wengi wetu tumetokana na wote wawili, maana watu walioana. Tumekaa meza moja, tumekula pilau moja. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya Pangani. Tusilifiche kwa mgeni, na tusilifanye biashara ya kumtisha ili atoe pesa. Tumweleze kwa heshima, kama mtu anavyoeleza habari za nyumbani kwake.

MWAKA WA ABUSHIRI

Mwezi Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa, aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50. Wenyeji hawakuulizwa. Mwezi Agosti akaja Pangani wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Alitaka kutweka bendera ya kampuni na kumdharau liwali. Katika siku za Idi Kubwa askari wa majini wa Kijerumani waliletwa kumsaidia, wakaingia msikitini na mbwa. Mwezi Septemba mji ukachafuka. Watu wa mjini, Wazigua na watu wengine wa bara waliokuja kwa silaha waliwazingira Wajerumani wa kampuni ndani ya nyumba yao, mpaka walipotolewa na kupelekwa Unguja.

Kiongozi aliyejitokeza ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa hapa hapa Pangani. Upande wa Saadani alikuwapo Bwana Heri. Vita vikaenea pwani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, Wasudani waliokusanywa Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Julai 1889 wakaitwaa Pangani. Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, akaletwa mjini kwetu na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea kupigana mpaka mwaka uliofuata.

Vita hivyo vinafundishwa katika vitabu vya historia, na mtoto wa Mwanza anavisoma shuleni. Na visingesahaulika hata hivyo, maana Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani hii hii, alivitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kwa lugha yetu. Maana yake ni kwamba habari zetu hatukuandikiwa na mgeni peke yake. Tuliandika wenyewe.

Sasa tuwasimulie aibu yetu. Likizo iliyopita baadhi yetu wa kamati tuliwapeleka watoto nyumbani, hawa waliozaliwa Dar es Salaam, ambao Pangani wanaijua kwa picha za simu. Mtoto mmoja, darasa la tano, akauliza: "Abushiri alinyongwa wapi?" Mmoja wetu akaonyesha upande wa baharini. Mwingine akasema hapana, ni karibu na Boma. Wa tatu akasema babu yake alimwambia ni mahali pengine kabisa. Tukabishana pale njiani, sauti zikapanda, mpaka kijana muuza madafu akaja kuamua. Mtoto akatutazama sote kwa zamu, akasema, "Kwa hiyo hamjui?"

Hatujui. Hapana kibao, hapana jiwe, hapana hata ubao wa rangi uliosema "Inasemekana ni hapa". Mtu aliyepigana kwa ajili ya pwani nzima, aliyenyongwa katika mji wetu, na sisi wana-Pangani tunabishana mbele ya mtoto. Wazee wanaoweza kutupa masimulizi ya mababu zao wanapungua kila mwaka. Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike maneno haya kwa uzito kuliko mlivyotuagiza.

MAMA WA MKONGE

Habari nyingine ambayo wengi hawaijui ni ya Kikogwe, ng'ambo ya mto. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro na Lindi, na Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kamba zilizofunga meli za mataifa na magunia yaliyobeba kahawa, mama yake yuko Pangani.

Na mkonge ndio uliotuletea ndugu. Wamakonde, Wabena, Wanyamwezi, Waha, Warundi walikuja kwa kandarasi, wakaitwa manamba, kila mmoja na namba yake shingoni. Waliokuja kwa miezi tisa wakabaki maisha. Ndiyo maana katika mji mdogo kama wetu utasikia ngoma za makabila ambayo kwao ni mwendo wa siku mbili. Mwenye asili ya manamba asijione mgeni katika chama hiki. Mji umejengwa kwa mgongo wa babu yake.

Tuongeze na hili kwa wapenda Kiswahili: Shaaban Robert, katika miaka yake ya ukarani wa forodha, alifanya kazi Pangani pia. Karani aliyekaa akitazama mto huu ndiye tunayemsoma leo.

SIKU MBILI ZA MGENI

Sasa mgeni amekuja. Tumpeleke wapi? Tumepanga siku mbili, na kila mwana-Pangani anaweza kumwongoza mgeni wake kwa mpango huu.

Siku ya kwanza asubuhi, kabla jua halijakaza, atembee mjini kwa miguu. Aanzie ukingoni mwa mto, aone majahazi na mashua, aone dagaa wakichemshwa na kuanikwa. Apite mtaa wa Uhindini, penye nyumba za maduka zenye baraza mbele na roshani za mbao juu. Aone Boma na milango yake ya nakshi. Mwambieni nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kwamba fundi wa zamani alipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya pwani ni virefu na vyembamba. Mgeni avae nguo ya heshima anapopita mitaani, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Akiambiwa mapema hakasiriki, anafurahi kwamba ameelekezwa.

Mchana apumzike, ale wali wa nazi kwa samaki. Alasiri apande mashua kwenda juu ya mto. Ataona mikoko, halafu minazi, ndege wa kila rangi, na akiwa na bahati ataona mamba ameota jua. Jioni avuke Bweni, apande kilima, autazame mji wote: mto, mapaa ya bati yaliyoshika kutu, minara ya misikiti, na bahari nyuma yake. Picha ya Pangani inayopendeza kuliko zote inapigwa kutoka Bweni, na haina kiingilio.

Siku ya pili ni Maziwe. Hiki ni kisiwa cha mchanga mbele ya pwani yetu, na bahari yake ni hifadhi tangu mwaka 1975. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kivuli, na kasa wengi wakipanda kutaga. Palikuwa mahali mashuhuri kwa kasa katika nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na mchanga umeliwa na mawimbi. Leo maji yakijaa kisiwa kinazama chote. Kwa hiyo mgeni aende maji yakipwa, na saa ya kuondoka aulizwe nahodha, isitazamwe saa ya mkononi. Abebe kofia, maana hakuna kivuli, na maji ya kunywa. Akivaa miwani ya kuzamia ataona matumbawe na samaki wa rangi asizozijua majina. Mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukweni Ushongo ili yasizame, na watoto wa kasa wakianguliwa huachiwa waende baharini. Aliyewahi kuona vitoto vile vikikimbilia maji hasahau.

Mwenye siku ya tatu aende kusini, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako mbuga inakutana na Bahari ya Hindi. Sehemu ya hifadhi hiyo imo katika wilaya yetu. Tembo kuacha nyayo kwenye mchanga wa pwani si jambo la kuonwa kila mahali. Na kaskazini ya mto inaanza hifadhi ya bahari ya silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani alitoweka zamani mno, kumbe yumo katika kina cha bahari ya Tanga.

TUNACHOKIPOTEZA

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hamponyi mwenyeji aliyelala.

Nyumba za Uhindini zinaanguka. Kila tunaporudi nyumbani tunakuta pengo jipya: roshani iliyokuwapo mwaka juzi imekuwa kuni, mlango wa nakshi umeuzwa kwa mtu wa mjini, ukuta umelala barabarani. Baadhi ya nyumba hizo ni za familia zetu tuliomo humu. Zina warithi kumi na wawili, kila mmoja anangoja mwenzake, na mvua haingoji mtu. Wengine tumejaribu kuzitengeneza kwa saruji tukidhani tunaimarisha. Mafundi wa zamani wanatuambia tumekosea: ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji kupumua. Ukiuvika saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inaula, na plasta inabanduka na mawe yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeziba ufa kwa dawa isiyo yake.

Mto nao unabadilika. Maji yanayoshuka ni kidogo kuliko zamani, maana yanatumika sana huko juu, na bahari inapata nafasi ya kupanda. Wakulima walio juu ya mji wanalalamika chumvi imefika mashambani, minazi inakauka kuanzia kileleni. Wageni wanaopanda mashua kutazama minazi wanapaswa kujua hilo pia, na sisi wenye sauti huko tuliko tunapaswa kulisema panapohusika.

Na vijana wetu. Wapo wanaowatembeza wageni, na tunawapongeza kwa kujitafutia. Lakini wengi hawakufundishwa na mtu. Wakiulizwa mwaka, wanataja wowote. Wakiulizwa jengo ni la nani, wanatunga. Kosa si lao. Hatukuwaachia kitu cha kusoma.

TUNACHOOMBA MWAKA HUU

Ndugu Mwenyekiti, kamati inaomba mchango wa mwaka huu uende katika mambo manne, na tumeyapanga kwa mpangilio huu kwa sababu maalumu.

La kwanza, kurekodi wazee. Tunataka vijana wawili wenye kinasa sauti na subira wakae na wazee wa Pangani mjini, Bweni, Mwera, Kipumbwi na Mkwaja, wachukue masimulizi: ya vita, ya mashamba, ya manamba, ya Maziwe yenye miti. Hili ni la kwanza kwa kuwa ndilo pekee lisilongoja. Nyumba iliyoanguka inaweza kujengwa tena. Mzee akiondoka, ameondoka na alichokijua.

La pili, vibao. Vibao rahisi vya mbao au chuma, kwa Kiswahili kwanza, penye Boma, Uhindini, gati la zamani, Kikogwe, na pale ambapo masimulizi yatatuonyesha kwamba Abushiri alinyongwa. Wazee wakitofautiana, kibao kiseme wazi kwamba wanatofautiana. Mtoto wa darasa la tano ataridhika na jibu la kweli kuliko jibu la kelele.

La tatu, mafunzo ya waongoza wageni, wavulana na wasichana wa mjini na wa Bweni, kwa kushirikiana na halmashauri. Mama lishe wa kivukoni nao wamo. Daraja likifunguliwa wao ndio watakaopoteza kwanza, kwa hiyo wawe wa kwanza kufikiriwa. Mgeni anayetembea mjini asubuhi nzima atataka kula, na hao ndio wanaojua kupika.

La nne, nyumba moja. Hatuombi kutengeneza Uhindini nzima. Hatuna uwezo huo na tusijidanganye. Tunaomba familia moja tu, miongoni mwetu, ikubali nyumba yake itengenezwe kwa chokaa na boriti kama ilivyokuwa, vijana wajifunze kazi kwa mafundi wazee, na chumba cha mbele kitumike kuwapokea wageni na kuweka masimulizi tuliyokusanya. Umiliki ubaki kwa familia. Tukiweza moja, watakaoiona wataanza kuuliza bei ya chokaa.

Haya si maneno ya kuwaachia wakubwa peke yao. Serikali imeleta barabara, na ukuta wa kuzuia bahari mjini tumeuona. Lakini serikali haitajua jina la babu yako wala haitajua nyumba ile ilikuwa ya harusi ya nani. Hayo ni yetu.

Fomu ya ahadi imo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Asiye na fedha leo aandike ahadi. Asiye na ahadi aandike jina la mzee wa kurekodiwa na mahali anapopatikana, nalo tutalihesabu kuwa mchango kamili. Mwenye picha ya zamani ya mji, hata ikiwa imeliwa na mende, ailete tuipige nakala na kumrudishia. Hesabu ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita imebandikwa mlangoni, na mhazini yupo kwa maswali.

Tumalizie pale tulipoanzia. Siku ya mwisho ya pantoni huenda wengi wetu tutakwenda kuipanda kwa kuagana nayo. Tutavuka Bweni na kurudi, tutanunua kashata, tutapiga picha. Kesho yake magari yataanza kupita juu. Tunawaomba, ndugu zetu, kwamba siku hiyo awepo angalau dereva mmoja atakayeona kibao kando ya barabara, apunguze mwendo, amwambie aliyekaa naye, "Hebu tuingie hapa kidogo." Na akiingia, amkute mtoto wa Pangani anayejua kumjibu.

Mungu ibariki Pangani.